Sura ya Saba: Wafalme Wawili Waliotupwa

Mkuu wa kituo alikuwa amenunuliwa kiti kipya, kile cha kuzunguka, na asubuhi hiyo alikizungusha kila alipomaliza sentensi. Shangazi alikitazama kwa donge ambalo hakujisumbua kulificha. Kiti chake yeye, kule chumba cha wapelelezi, kilikuwa kimefungwa mguu kwa waya tangu enzi za mkuu aliyepita. Kituo kizima kilimwita Shangazi, kuanzia askari wa getini hadi mahabusu waliozoea kurudi, na ni wachache waliokumbuka kwamba cheo chake ni inspekta.

"Kesi imekwisha," Mkuu alisema, akazunguka.

Kwa maelezo yake ilikuwa imekwisha kweli. Jumamosi alasiri daktari wa meno alisukumwa kwenye ngazi za nyuma za klabu ya karata, akabiringika hadi chini, na mpaka sasa alikuwa amelala hospitali hajafumbua macho. Daktari alikuwa karibu kumwoa mshonaji mwenye duka nyuma ya klabu. Mshonaji naye aliwahi kuwa mke wa seremala, na seremala alikuwa amewatangazia watu zaidi ya mara moja kwamba ipo siku atamng'oa Daktari meno yote, aone kama ataweza kujitengenezea mwenyewe. Seremala alicheza mashindano ya Jumamosi. Alitolewa muda mfupi kabla ya tukio, akaenda msalani peke yake, na hakuna aliyemwona tena mpaka kelele zilipopigwa. Sasa alikuwa ndani. Kesho asubuhi angepelekwa mahakamani, na Daktari akikata roho, shtaka lingegeuka kuwa la mauaji.

"Isitoshe, alijitoa makusudi," Mkuu aliendelea. "Aliweka tokeni zake zote mezani akiwa na tisa na nne. Tisa na nne, Shangazi. Hata mimi nisiyecheza najua hizo ni takataka. Alitaka kutolewa ili apate nafasi ya kumvizia mwenzake."

Shangazi alisema huenda ni hivyo, huenda sivyo. Alikuwa amezungumza na seremala jana yake, akamkuta analia waziwazi kwa wivu, anamtaja mtalaka wake kila baada ya maneno mawili, wala hajaribu hata kidogo kujionyesha mwema. Mtu mwenye hatia, kwa uzoefu wa Shangazi, huwa anamsifia aliyemuumiza. Seremala alimtukana Daktari mpaka mate yakamkauka. Shangazi akaomba siku hiyo moja, Mkuu akampa kwa kuzungusha kiti.

Klabu ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na harufu ya rangi ilikusindikiza mpaka juu. Ndani kulikuwa na meza zilizovikwa kitambaa cha kijani, kilichobandikwa gundi palipochanika. Waliomsubiri walikuwa wawili. Mwanamke alikuwa mgawaji, ndiye aliyegawa karata kwenye meza ya mwisho siku ya tukio, amevaa kizibao cheusi cha kazi ingawa siku hiyo hakukuwa na mchezo. Mwanamume alikuwa mumewe, mpima ardhi wa halmashauri, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate. Yeye naye alikuwa mchezaji wa meza ile ile.

"Mke anamgawia mume?" Shangazi aliuliza.

Mgawaji alisema klabu haina mgawaji mwingine, na karata hazijui ndoa. Alilisema kama mtu aliyekwisha kulisema kwa wengi.

Shangazi akaomba afundishwe mchezo kama mtoto, maana nyumbani kwao karata zilikuwa za kushindania wali tu. Mgawaji alimkalisha, akachanganya karata bila kuitazama mikono yake. Kila mchezaji, alieleza, anapewa karata mbili anazoziona yeye peke yake. Anainua pembe, anachungulia, kisha anazitupa au anaweka tokeni, hivi vipande vya plastiki vinavyoshika nafasi ya fedha. Kuna dau la lazima linalozunguka meza, hulikwepi, na kila kengele ikilia linapanda. Tokeni zikikuishia, unasimama unakwenda zako.

"Na mtu akiwa ameenda msalani?"

"Anagawiwa vilevile. Haya ni mashindano, hakuna kusubiriana." Mgawaji aliweka karata mbili mbele ya kiti kitupu, akazizoa tena kwa kiganja bila kuzifunua. "Zamu yake ikifika nazikusanya, zimekufa. Dau lake la lazima nalikata kwenye tokeni zake. Kiti hakilalamiki."

Jambo la kengele Shangazi alikuwa tayari analo. Kamera ya mlango wa mbele ilionyesha kwamba hakuna mgeni aliyeingia alasiri ile, na wote waliotolewa mapema walionekana wakitoka. Ngazi za nyuma hazikuwa na kamera, ila mlango wake wa chini ulifunguka kwa ndani tu. Mfagiaji, aliyekuwa jikoni, alisema kengele ililia, na hata mlio haujaisha masikioni akasikia kishindo cha mtu ngazini. Kwa hiyo aliyekuwa kwenye kiti chake katika mgawo wa kwanza baada ya kengele hakuweza kuwa ndiye aliyesukuma. Daktari alikuwa amekwisha kutolewa, akaaga, akashika ngazi za nyuma. Aliyebaki bila kiti ni seremala.

"Wengine wote walikuwepo," Mgawaji alisema. "Mume wangu pia. Alitazama karata zake, akatupa."

Hakuwa ameulizwa habari za mumewe. Shangazi aliandika hilo bila kuinua kichwa.

Mpimaji alikuwa amesimama muda wote, mkono kiunoni. Alieleza kwamba mgongo wake haukubali kukaa. Siku ya mashindano alikuwa anasimama na kukaa, anatembea mpaka dirishani, anarudi kila anapogawiwa. Wachezaji wengine walikuwa wamekwisha kusema vilevile. Wote walikumbuka akienda dirishani na wote walikumbuka akirudi, na hakuna aliyeweza kuapa ni mgawo upi alikuwa wapi, kwa sababu kwenye meza ile watu hutazama tokeni, hawatazami sura. Koti lake lilibaki mgongoni mwa kiti kila alipoinuka.

"Ulikuwa unaendeleaje?" Shangazi alimuuliza.

"Vibaya. Nilibaki na tokeni chache mno. Ukifika hapo unaomba karata kubwa, ree mbili, wafalme wawili, kitu cha kumfanya mtu asukume zote kati. Nilisubiri, nikasubiri." Alitabasamu kwa huzuni ya kiungwana. "Kuanzia kengele ile mpaka nilipotolewa sikuona hata jozi ya mbili. Masikini Daktari. Mtu mzuri sana yule, mcheshi, mkarimu."

Akavuta miguu mpaka dirishani kunyoosha mgongo. Shangazi alimfuata, akatazama naye. Chini kulikuwa na uchochoro, na ng'ambo yake duka la ushonaji lililo wazi mlango, cherehani karibu na kizingiti ili ipate mwanga. Kiti cha mbele ya cherehani kilikuwa kitupu. Mpimaji alikuwa anakitazama.

Mgawaji alimsindikiza Shangazi mpaka kwenye ngazi. Huko alimnong'oneza kwamba asije akasikia kwa watu akafikiria vingine: Daktari alikuwa na utani naye, mara mikono yake mizuri, mara kizibao kimemkaa, na mumewe, alisema, hakupendezwa. Siku hizi akienda hata dukani anaulizwa amekutana na nani. Alilalamika kwa mdomo, lakini uso ulikuwa na furaha ya bibi harusi.

Kinyozi alikuwa na duka lake mtaa wa pili. Siku ya tukio alikaa kiti cha sita, kushoto kwa Mpimaji, na dada wa seremala alikuwa mke wake. Shangazi alimkuta anamnyoa mteja ndevu, akasubiri kwenye benchi mpaka mteja alipolipa na kuondoka, kisha akakaa yeye kwenye kiti cha kunyolea, maana kilikuwa kizuri kuliko benchi. Kilikuwa kizuri kuliko hata cha Mkuu.

Alianza na tisa na nne. Kinyozi alicheka mpaka akaweka mashine chini.

"Shemeji yangu ni mjinga kwa mambo mengi, Shangazi, lakini pale alicheza sawa. Ukiwa na tokeni nyingi, unachagua. Ukiwa nazo chache, dau la lazima linakuja kukumaliza hata kama hujafungua mdomo. Ukikaa unangoja karata kubwa utaisha umekaa. Unasukuma zote mapema, wenzako wakiogopa umepona, wasipoogopa umekufa na tai shingoni. Tisa na nne, saba na mbili, chochote. Aliyekwambia alijitoa makusudi hajawahi kuishiwa."

"Na ukiwa nazo chache, halafu ikaja karata kubwa kweli?"

"Hapo hata swali hakuna. Unasukuma."

"Hakuna mtu anayeweza kuzitupa? Tuseme anaogopa, tuseme ni wafalme wawili na anaona kuna mtu ana ree?"

Kinyozi alikuwa ameanza kufuta wembe kwa kitambaa. Aliufuta upande mmoja, akaurudia upande ule ule.

"Kwa nini wafalme?" aliuliza.

Shangazi alisema ni mfano tu, kautoa kwa Mpimaji. Lakini alikuwa amewahoji watu miaka mingi kiasi cha kujua wembe unaofutwa mara mbili ni wembe wa nani. Akanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi aliyoiweza kuliko zote, na Kinyozi, ambaye siku nzima hulipwa kwa kuzungumza, hakuweza kuuvumilia ukimya kwenye duka lake mwenyewe.

Alianza mbali. Akasema kuna watu Mungu kawapa kila kitu. Mtu ana kazi ya serikali, ana mashati yasiyokunjamana, ana mke anayegawa karata mpaka unasahau kama unaliwa. Na bado kila Jumamosi karata nzuri zinamtafuta yeye. Yeye Kinyozi amekaa kushoto kwake mashindano mangapi, anaona tu mtu anaokota ree kama anaokota maembe. Linakukaba hapa, alisema, akajishika koo. Basi siku ile kengele ikalia, karata zikagawiwa, na Mpimaji akawa hajarudi kutoka dirishani. Mgawaji alikuwa ameinama upande wa pili anakusanya madau. Kinyozi akajifanya anasogeza chupa yake ya soda. Akainua pembe za karata za kiti cha tano kwa kidole gumba.

"Ulichungulia karata za mtu asiyekuwepo."

"Wakijua nafukuzwa klabu maisha. Na jina langu basi. Ni kama kumfungulia mtu begi." Alikuwa hamtazami. "Mfalme wa kopa na mfalme wa shupaza. Nikasema moyoni, hata akiwa dirishani wafalme wanamfuata. Halafu zamu ikafika, mkewe akazizoa, zikafa. Nilifurahi, Shangazi. Nilifurahi kuliko ningekuwa nimezishinda mimi."

Shangazi alimuuliza kama migawo mingine Mpimaji alikuwa anarudi. Kinyozi alisema yote. Hata awe anaugulia mgongo, alikuwa anarudi, anachungulia, anatupa, anakwenda. Mtu mwenye tokeni chache hakosi mgawo. Kutoka dirishani mpaka kwenye kiti ni hatua za kuhesabu kwa vidole.

"Na huo mmoja akaukosa. Ulimwona dirishani?"

Kinyozi aliuweka wembe chini. Hakuwa amemwona. Alikuwa amedhani tu yupo dirishani kwa kuwa huko ndiko alikokuwa anakwenda kila mara, na macho yake yalikuwa kwenye wale wafalme. Aliposikia kishindo, na baadaye walipomkamata shemeji yake, hakuunganisha, kwa sababu alichokuwa anaficha kilikuwa aibu yake mwenyewe na hakudhani kina kazi nyingine.

Aliuliza kama itasaidia. Shangazi alimwambia ukweli, kwamba peke yake haitoshi. Mkuu atacheka. Shahidi ni shemeji wa mshtakiwa, ni mtu aliyeiba kwa macho, na anasema alichokiona hakuna mwingine aliyekiona, huku mgawaji anaapa kwamba mwenye kiti alikuwepo akatupa. Kilichobaki ni neno la Mgawaji. Na Mgawaji alikuwa anang'ara kwa kuonewa wivu kama taa iliyobadilishwa balbu.

Mshonaji alikuwa amerudi dukani kutoka hospitali. Alishona huku anazungumza, akasema akiacha mikono ikae bure atalia, na hataki kulia mbele ya wateja. Daktari alikuwa amesogeza kidole asubuhi, wauguzi wamemwambia asijipe matumaini makubwa, yeye amejipa. Kuhusu seremala alisema ni mtu wa maneno. Alimpiga kwa maneno miaka yote ya ndoa na hakuwahi kumwinulia mkono. Kwa nini hakuwaambia askari? Aliwaambia. Hawakuandika.

Kwenye kamba nyuma yake kulikuwa na nguo zinazosubiri kuchukuliwa, na mwishoni koti la kijivu lililopigwa pasi vizuri kuliko nguo yoyote dukani. Shangazi alilijua kabla hajauliza.

"La Mpimaji," Mshonaji alisema. "Kalileta jana, akanipa pole. Bitana imechanika tena."

"Jana Jumapili? Wewe una mgonjwa, yeye anakuletea koti?"

Mshonaji alisimamisha cherehani. Akalitoa koti, akaligeuza ndani nje, akalitandaza kwenye meza ya kukatia. Hakuhitaji kueleza sana. Bitana inayochanika kwa kuvaliwa huachia kwapani au mgongoni, uzi ukiwa na manyoya. Hii ilikuwa imefumuliwa kwa urefu ubavuni, mahali pasipovutwa na chochote, kingo zimenyooka. Ilikatwa kwa wembe. Pembeni yake kulikuwa na mstari alioshona yeye mwezi uliopita, na pembeni ya huo mwingine wa zamani zaidi. Makoti yote ya Mpimaji yalikuwa hivyo. Analeta moja, anasubiri lishonwe, amekaa kwenye stuli anamtazama. Wiki ikipita analeta lingine.

"Ulijua."

"Mshonaji asijue uzi uliokatwa?" Alilikunja koti taratibu. "Nilinyamaza kwa sababu ya mkewe. Ananisalimia vizuri sana. Lakini mchumba wangu alichoka. Jumamosi aliniambia akimaliza kucheza atamwambia kistaarabu atafute fundi mwingine, halafu atashuka kwa ngazi za nyuma aje tukale. Alisema kistaarabu. Yule hata jino analing'oa kwa kuomba radhi."

Aliposikia mwenyewe alichokisema, alishika ukingo wa meza. Ilikuwa mara ya kwanza kuvipanga vitu hivyo viwili pamoja, koti na ngazi. Shangazi alimuuliza kama hili ndilo koti lililokuwa mgongoni mwa kiti Jumamosi, akasema ndilo, alikuwa amelivaa alipopita asubuhi kusalimia. Shangazi akaliomba. Aliandika hati ya kulipokea, kwa utaratibu, na akatoka nalo mkononi bila kuipenda kabisa kazi aliyokuwa anakwenda kuifanya nalo.

Mgawaji alikuwa peke yake klabuni, anakagua karata za mashindano yajayo, kopa na kopa, uru na uru. Shangazi alilitundika koti mgongoni mwa kiti cha tano. Kisha akakaa.

"Limetoka wapi?" Mgawaji aliuliza.

"Kwa mshonaji. Mumeo kalipeleka jana."

"Jana alikwenda kununua dawa ya mgongo."

Shangazi alisema tu kwamba bitana imechanika, na kwamba bila shaka mke mwenye mikono kama ile angeweza kuishona mwenyewe. Mgawaji alisema alijitolea mara nyingi. Mumewe alimwambia mishono yake ni ya magunia. Aliinuka, akalichukua koti, akaligeuza. Mikono ile iliyozoea kutambua karata moja iliyopinda katikati ya pakiti nzima ilipita kwenye bitana mara moja, ikasimama kwenye mkato mpya. Ikarudi kwenye mshono wa kwanza. Ikarudi kwenye wa pili.

"Hii imekatwa," alisema.

"Ndiyo."

"Na hizi pia." Alikaa kwenye kiti kilicho karibu. "Anashona vizuri, huyo mwanamke. Lazima niseme."

Shangazi alimwona wivu ukimwingia, na aliona kwamba haukuwa ule wivu mtamu wa asubuhi, wa kuonewa. Huu ulikuwa wake mwenyewe. Ulianzia shingoni ukapanda, ukamfuta furaha yote usoni, na mwanamke aliyebaki alionekana mkubwa kwa miaka. Shangazi aliona vibaya. Alijua seremala hana njia nyingine ya kutoka, na bado aliona vibaya.

Mgawaji alizungumza akilitazama koti. Jumamosi jioni mumewe alilia mapajani mwake. Alimwambia nimemsukuma yule mshenzi kwa sababu yako, kwa jinsi anavyokutazama. Yeye alimkanda mgongo mpaka akalala.

"Dada zangu wote waume zao waliwaonea wivu," alisema. "Walikuwa wanalalamika, na mimi nawasikiliza nimenyamaza. Wangu hata ningechelewa vipi alikuwa haulizi. Halafu siku moja anamsukuma mtu kwa ajili yangu. Ningemsaliti vipi, Shangazi?"

"Na seremala?"

"Nilimhurumia." Alifikiri. "Si sana."

"Daktari alikuwa amemwambia aache kupeleka makoti. Ndiyo maneno waliyoambiana kule ngazini. Wewe hukutajwa."

Mgawaji alikubali kwa kichwa, polepole, kama mtu anayehesabiwa madau na kuona hesabu ni sahihi. Shangazi alimwomba agawe mgawo wa kwanza baada ya kengele, viti vyote vilivyokuwa na watu. Aligawa. Karata mbili zilipofika mbele ya kiti cha tano, Shangazi alizitoa, akachagua kwenye rundo mfalme wa kopa na mfalme wa shupaza, akaziweka pale zimefunuliwa.

"Hizi ndizo zilizokuwa hapa. Kuna mtu alizichungulia."

Mgawaji hakuuliza nani. Aliwatazama wale wafalme, kisha koti, kisha wafalme. Alasiri nzima ile mumewe alikuwa ananung'unika kwamba anangoja karata kama hizo, alisema, na tokeni zake chache vile. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na kitu ndani.

"Angekuwa amekaa angezisukuma zote kabla sijamaliza kugawa."

"Angesukuma."

"Hakuwepo."

Shangazi alitoa kalamu, akamwomba aseme tena taratibu. Akasema. Kengele ililia hayupo. Aligawa hayupo, alizikusanya yeye kwa mkono wake bila kuzifunua. Mumewe alirudi kwa mlango wa nyuma karata za mgawo uliofuata ziko mezani, anahema, akavaa koti ingawa kulikuwa na joto, akachungulia karata zake, akatupa. Alitia sahihi chini ya kila ukurasa, jina lote, kwa mwandiko mzuri.

Alikuwa anarudisha kalamu waliposikia viatu kwenye ngazi za mbele. Mpimaji alikuwa amekuja kumchukua mkewe. Aliingia na shati lake lililonyooka, akamwamkia Shangazi kwa adabu zote, akauliza hali ya mgonjwa. Shangazi alimjibu kwamba leo amesogeza kidole. Mpimaji akasema ni habari njema sana, akaweka mkono kiunoni, na miguu yake yenyewe ikaanza kumpeleka dirishani.

"Huko hakuna kitu," mkewe alisema. "Njoo ukae kwenye kiti chako."

Aligeuka. Aliliona koti kwanza, limegeuzwa ndani nje, na mkono ukashuka kutoka kiunoni. Alimtazama Shangazi, akamtazama mkewe. Akaja. Akakaa, bila kulalamikia mgongo, mbele ya karata mbili zilizofunuliwa.

"Hizi ni nini?" aliuliza.

"Ni zako za Jumamosi," mkewe akamwambia. "Nilikugawia. Hukuwepo."